Mbwa Asiye na Sungura

Mwaka wangu wa pili Peterborough, Uingereza, riziki yangu ilikuwa kupaka maharusi hina. Siku moja mvua ikanikimbiza hadi jumba la makumbusho la mji. Humo nikakuta kikombe cheusi cha Kirumi, ubavuni mwake mbwa anamfukuza sungura. Hawakuchorwa wala kuchongwa. Wametuna juu ya udongo, mkia ukimalizikia kwa ncha nyembamba kama kikonyo cha ua la hina. Nikajisemea, kumbe hii ni kazi ya koni, kama ya hina!

Sikuwa mbali na ukweli. Wafinyanzi wa bonde la mto Nene, papo hapo kando ya Peterborough, tangu karne ya 2 walikuwa wakichuruza uji mzito wa udongo juu ya chombo kibichi kuumba wanyama, kisha wanakichovya kizima katika uji mwepesi wa rangi. Ndiyo maana mnyama na kikombe vina weusi mmoja. Ufundi wenyewe huitwa barbotini. Mji wa Colchester, huko huko Uingereza, kuna chombo mashuhuri zaidi, kilichofukuliwa kaburini mwaka 1853, nacho kina hata wapiganaji wa ulingoni. Mimi niliutaka ule wa sungura.

Nikajiandikisha darasa la ufinyanzi la jioni. Nikakunja koni ya nailoni, nikaijaza uji, nikashika kikombe kibichi. Mbwa alinitii: tone nono la kifua, tumbo nikalivuta, miguu nikaichomoa kwa pumzi moja. Nikamtazama kwa majivuno, tena kwa muda mrefu kupita kiasi, maana upande wa pili wa kikombe ulikuwa umeelekea hita. Sungura nikamtua juu ya udongo uliokwisha kukauka. Uji ukikauka husinyaa. Chombo chenyewe kilikuwa kimeshamaliza kusinyaa. Hina haina visa hivyo.

Tanuri lilipofunguliwa, mbwa alikuwa mahali pake. Sungura tulimwokota chini, mzima, na masikio yake yote mawili.

Usiku nikampigia Mama simu ya video, Mombasa, nikamwonyesha.

“Mwanangu, huyo mbwa akimbiza nini?”

“Sungura, Mama. Amebanduka.”

“Kajiokoa! Na kikombe cha mbwa, nani atakinywea chai?”

Hakuna aliyekinywea. Nachomekea koni zangu za hina, na maharusi huniuliza swali lile lile la Mama.