Mtoto ana pumu: mzazi anajiamini kiasi gani?

Ukimuuliza mama wa Kayole, Nairobi, kama anaweza kumhudumia mtoto akibanwa na pumu, atasema ndiyo, na hujapata kitu. Muulize kwa hali: ni usiku, baridi ya Julai, kifua cha mtoto kinalia na pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, haionekani, kutoka 0 hadi 10, una uhakika kiasi gani? Hapo namba hushuka.

Kisha akuonyeshe. Atikise pampu, aichomeke kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako, abonyeze mara moja, mtoto avute pumzi 5 au 6 kupitia mdomo wa chupa, ndipo arudie. Wengi hubonyeza mara mbili kwa mpigo, dawa ikaishia kwenye kuta za chupa. Aliyejipa 9 akakosea hapa ananitia wasiwasi kuliko aliyejipa 4. Huyo wa 9 haombi msaada.

Anachoamini mzazi kuhusu dawa kipimwe kando. Pampu ya kila siku, ile ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe kwenye njia ya hewa), huachwa mtoto akipata nafuu tu, eti inazoesha mwili. Haizoeshi. Na dada wa kazi naye aulizwe, maana ndiye anayeshinda na mtoto.