Kopo la misumari: siku yangu moja kando ya barabara ya Bububu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikitoka msikitini sirudi nyumbani, nashika barabara na kopo langu la maziwa ya unga. Naanza bandani kwangu hapa Kibweni, Unguja, nateremka upande wa Mtoni, navuka, narudi kwa upande wa pili huku nainama: misumari, skurubu, vipande vya waya. Saa hizi hupita gari za shamba tu, zinawahi sokoni, nyuma zimelala kwa ndizi na muhogo. Ikifika saa moja barabara hii hainamiki tena.

Kazi yangu ni kuziba pancha na kutia upepo.

Saa moja. Watoto wa skuli wamejaa kando, mitandio myeupe mitupu. Daladala za 502, za njia ya Bububu, zinapita zimeshajaa na utingo bado anaita. Nakunywa chai kwa boflo nimesimama.

Saa mbili kasoro. Mwalimu mmoja anasukuma vespa, jasho linamtoka. "Fundi, nifanyie haraka, nina kipindi." Natoa tyubu, naijaza, naizamisha kwenye karai, naizungusha polepole mpaka vipovu vitoke. Nafuta, nasugua kwa msasa, napaka gundi. Hapo ndipo tunapogombana na wateja. Gundi lazima ikauke kwanza, ukiigusa isikamate kidole, ndipo ubandike kiraka. Ukibandika ikiwa mbichi, kitashika mpaka Mtoni tu. Mwalimu anatazama saa, mimi napuliza gundi. Anayewafundisha watoto subira ndiye huyo.

Saa nne. Gari ya watalii iendayo Nungwi inaingia inachechemea. Dereva anashuka na maneno yake mkononi: "Nyinyi mafundi ndio mnaomwaga misumari, mpate kula." Nimechoka na neno hili. Nikamletea kopo, nikamwambia, "Tizama, ami, hii yote nimeokota mimi leo asubuhi." Akachungulia, akaniangalia. "Kumbe ndiyo unayomwaga hii!" Watalii hawakujua tunachekea nini.

Msumari niliouchomoa nikampa mkononi. Umepinda, kichwani una saruji iliyoganda. Huo umetoka kwenye mbao za jengo. Huko kaskazini kunajengwa, na mbao kuukuu zinapakiwa bila turubai, kila tuta linaangusha sadaka yake. Alinilipa bila kupunguza.

Saa saba. Jua kali, lami inanuka, wateja hakuna. Mzee jirani yangu huja kivulini na habari zake za treni. Ni kweli ilikuwepo: ilianza mwaka 1905, kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili 7, ikaenda mpaka miaka ya 1920. Yeye anashikilia kuwa jina Bububu ni mlio wa treni. Mimi niliambiwa ni mlio wa maji ya chemchem, na treni imelikuta jina. Tumelijadili hili mara ngapi sijui. Ninachojua, treni haitiwi upepo. Fundi wa zama zile angelala na njaa.

Saa kumi. Mji unarudi nyumbani wote kwa pamoja. Katikati ya msafara ule, gari la ng'ombe limekaa upande. Magurudumu yake ni mipira ya gari, kwa hiyo nalo hupata pancha. Honi nyuma, bodaboda wanapenya kushoto na kulia, ng'ombe anacheua tu. Mwenyewe kakaa juu ya matofali yake. "Usijisumbue kukimbia, yakhe, mimi si mwalimu." Sijui habari ya mwalimu kaipata wapi. Kibweni hii.

Magharibi nafunga. Kopo la leo nalimimina kwenye kiroba. Jaani siwezi kuitupa, taka nazo hupita barabara hiihii. Humwuzia mnunuzi wa chuma chakavu, anayekuja kila mwisho wa mwezi, anapima kwa kilo. Jana alichukua viroba viwili, akavirusha nyuma ya pikapu yake, akashika njia ya mjini. Alipokata kona ndipo nikaona: ile pikapu haina mlango wa nyuma.