Pimbi, popo na majina tuliyowapa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mnisamehe tafakari ya wiki hii imechelewa, ilitakiwa iwafikie Jumatatu ila kuna jambo lilikuwa linanichoma moyoni nikaona nilimalize kwanza na Mungu ndo nishike simu niandike. Ukiwa na Biblia karibu fungua Mwanzo 2:19 halafu weka kidole na kwenye Mithali 30 kuanzia mstari wa 24, leo tunazunguka humo humo.

Kwa ambao hamkuwepo, Jumamosi iliyopita pale ukumbini kwetu watoto wa sandeskuli na vijana na kina mama walifanya maonyesho ya sanaa, mada ni wanyama na ndege wa hapa hapa kwetu Dodoma. Masharti yalikuwa mawili tu, uwe umemwona huyo mnyama kwa macho yako mwenyewe siyo kwenye tivii, na chini ya kazi yako uandike jina lake kwa Kiswahili na kwa kilugha cha kwenu. Jamani watu walileta kazi! Kuna kijana fundi mageti alileta hondohondo wa vipande vya nondo, mdomo kaupaka ile rangi nyekundu ya mageti. Kuna mama kasuka kikapu na kobe wanafuatana kuzunguka ukingo wote. Na bibi mmoja wa Kigogo alileta kibuyu kachora kanga kwa waya wa moto, yale madoa ya kanga kayachoma moja moja mpaka kibuyu kizima kimekuwa manyoya, nikakishika nikakigeuza geuza nikamuuliza bibi hii kazi imekuchukua muda gani, akasema "mwanangu, tangu tulipomaliza kuvuna." Mpaka leo bado nakifikiria kile kibuyu.

Sasa mimi nilikuwa kwenye kutundika picha. Akaja mtoto wa darasa la tano, picha yake kachorea kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, kaupasua mfuko kaukung'uta kachorea upande wa ndani, kwa mkaa na udongo mwekundu. Nikaangalia, popo. Popo kaning'inia kachomeka uso wote ndani ya ua. Wapendwa nasema kweli maana hapa tunajengana, niliichukua ile picha nikaibandika nyuma ya mlango, pale ambapo mlango ukifunguliwa haionekani kabisa, kwasababu nilijiambia popo ndani ya ukumbi wa kanisa watu watasemaje, si mnajua kwetu popo ni mambo ya usiku, mambo ya kichawi.

Haikupita robo saa yule mtoto karudi. "Shikamoo babu. Babu, mbona wangu haonekani?" Nikamwambia marahaba mjukuu wangu, ukuta umejaa. Na ukuta haukuwa umejaa. Ndo hilo lililonikosesha usingizi.

Turudi kwenye Neno, tusome taratibu. Mungu anafanyiza wanyama wa msituni na ndege wa angani halafu inasema "akamletea Adamu ili aone atawaitaje." Huu mstari nausoma tangu nikiwa kipaimara ila sijawahi kusimama kwenye hilo neno akamletea. Mungu mwenyewe ndo anawaleta, wanapita mbele ya Adamu, Adamu inabidi amtazame kila mmoja ndo aseme jina, na Mungu yuko pale anasubiri asikie, na jina litakalotoka ndo linabaki hilo hilo. Hebu fikiria Mungu alimwamini mtu kiasi gani. Halafu angalia sisi watoto wa Adamu tumefanya nini. Mtu mroho tunamwita fisi. Mtu tunayemdharau tunamwambia "we pimbi nini". Asiyeeleweka yuko upande gani ni popo, si ndege si mnyama. Bundi akilia juu ya bati tunasema msiba huo, tunamrushia mawe, wakati yule bundi usiku kucha anakula panya wanaotumalizia mtama na uwele stoo. Ile kazi ya kutoa majina tuliyopewa mbele za Mungu tumeigeuza kuwa matusi, na matusi yenyewe tunatukanana sisi kwa sisi.

Sasa nendeni Mithali 30:26, inasema wibari ni watu dhaifu ila hujitengenezea nyumba katika miamba. Nilimuuliza kijana mmoja wa kwaya wibari ni nini, akaniambia ni sungura fulani wa kule Israeli. Wapendwa, wibari ndo pimbi! Jina limetokea Kiarabu ila mnyama ni huyu huyu tunayemwona asubuhi kalala kifudifudi juu ya jiwe anaota jua, maana mwili wake hautunzi joto vizuri bila jua hachangamki. Wenzake wakiwa wanakula mmoja anakaa juu kabisa analinda, akimwona mwewe anapiga kelele na wote wanapotea kwenye nyufa, ukifumba na kufumbua jiwe tupu. Nyayo zake zina unyevu na ni laini kama soli ya raba, ndo maana anapanda jiwe lililosimama wima wala hatelezi. Na mstari wa 24 unasema hivi vitu vinne vilivyo vidogo vina akili nyingi sana, na yeye yumo, Mungu kamweka awe mwalimu wetu.

Kuna kingine nilikisikia pale pale kwenye maonyesho kwa mwalimu mmoja wa sayansi, kwamba katika wanyama wote walio hai leo ndugu wa karibu wa pimbi ni tembo na nguva. Nikanyamaza kimya. Maana wazee wetu wanasimulia jina la mji huu limetoka kwenye Kigogo, idodomya, pale tembo alipokuja kunywa maji akadidimia kwenye tope. Tembo hapa mjini alishatuondokea zamani, tumebaki na jina lake kwenye kila kibao cha barabara. Ndugu yake mdogo bado yupo juu ya jiwe nyuma ya kanisa letu na sisi jina lake tumelifanya tusi.

Mpendwa mmoja alinifuata Jumapili akaniambia mzee lakini hao wote wawili ni najisi, soma Walawi 11. Nimesoma na ni kweli, wibari yuko mstari wa 5 na popo mstari wa 19. Ila ile sura inawaambia Waisraeli wale nini na wasile nini, sijaona mahali Mungu anasema wafukuzeni. Na huyo huyo wibari wa Walawi mnamkuta Zaburi 104:18 katikati ya kumsifu Mungu, kwamba magenge ni kimbilio lake. Yaani Mungu alipoyapanga yale mawe makubwa tunayoyaona kila kona ya Dodoma alikuwa anamfikiria na pimbi atajificha wapi. Niliposoma hapo nikafunga Biblia nikalia kidogo, sioni aibu kusema.

Jumanne jioni nikaenda nyumbani kwa yule mtoto kuomba msamaha. Nikamkuta bibi yake, ni Mrangi wa Kondoa, kakaa uani anachambua ubuyu, ndo biashara yake, anaupika ule mwekundu anafunga vipakiti anauza. Nikawaeleza wote wawili nilichofanya na kwanini nilifanya. Mtoto akaangalia chini. Bibi hakunigombeza, akasema tu "kaa baba, jua likizama utaona alichokiona mwenzio." Tukanywa chai. Nikamuuliza mtoto wazo la udongo mwekundu kalitoa wapi, kumbe likizo alienda kwao wakampeleka Kolo kwenye ile michoro ya miambani, ile ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mi nilishafika pale na vijana, ni kama kilomita 180 kutoka hapa, unapanda mlima kidogo halafu unakuta jiwe limeinama kama kibaraza na ukutani kuna pofu, kuna twiga, kuna tembo, wamechorwa kwa rangi nyekundu na watu ambao hakuna anayejua majina yao. Twiga wana shingo kama twiga kweli, mchoraji alimtazama mnyama wake. Nilivyokuwa nasikiliza yule mtoto anavyoeleza nikaona hakuna tofauti yake na wale wa zamani, na mimi ndo nilimweka nyuma ya mlango.

Jua lilipozama tukaenda watatu mpaka kwenye mbuyu ulioko mwisho wa shamba lao. Huu mwezi wa kumi na moja mibuyu inachanua, na wengi wetu tunapita chini yake kila siku hatujui kwasababu ua linafunguka giza likiingia. Bibi akamulika tochi kwenye kitumba kimoja kilichokuwa kimening'inia kwenye kikonyo kirefu, akasema tusiseme. Kwanza hakuna kitu. Halafu kile kitumba kikaachia, petali nyeupe zikajikunja kwenda juu polepole unaona kabisa kwa macho zinavyotembea, na katikati likashuka shada la nyuzi nyeupe kama brashi ya kupakia poda. Harufu yake nzito, kama kitu kilichochacha. Tukasubiri. Popo unamsikia kabla hujamwona, kama mtu anakung'uta kitambaa. Akaja akalishika ua akachomeka uso wote ndani, vile vile kama kwenye picha, akakaa muda mfupi sana akaondoka na kifua kimejaa unga wa ua, akaenda kwenye mbuyu wa jirani. Bibi akanong'ona, "ua moja usiku mmoja tu baba. Huyu asipokuja sina mzigo. Mwenye mtaji ni yeye." Komba naye anakuja wakati mwingine, kasema. Asubuhi nilipita tena nikitoka kwenye maombi, yale maua yapo chini, yamekuwa ya kahawia na yanateleza ukiyakanyaga. Mti wenyewe wataalamu wanasema unaweza kupita miaka 1,000.

Nimekula ubuyu tangu mtoto, na nimeshawafukuza popo kwa fimbo darini zaidi ya mara moja.

Sasa wapendwa kuna jambo la kwetu hapa hapa. Mnajua kamati ilishapitisha lile jiwe kubwa nyuma ya kanisa lichomwe na kupasuliwa tupate mawe ya msingi wa nyumba ya mchungaji. Mimi ni mjumbe na nilinyoosha mkono kukubali. Leo naomba tulirudishe mezani. Siwasemi kina mama wanaogonga kokoto juani na watoto mgongoni, ile ni ada ya shule na unga wa jioni, Mungu awabariki mikono yao. Na najua tukinunua mawe ya lori nayo yametoka kwenye jiwe la pimbi wengine mahali pengine, jibu la hilo sina. Ila hili moja liko mikononi mwetu na wenyewe tunawaona kila Jumapili wakitusikiliza tukiimba. Nimeshaongea na mchungaji, anasema yeye nyumba inaweza kusogezwa upande wa mwarobaini, ni kuchimba kidogo zaidi tu, na mimi niko tayari kuchangia tripu moja ya mchanga.

Kikao ni Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Picha ya popo sasa hivi iko mlangoni upande wa nje, mkiingia mtaiona. Chini kaandika POPO kwa herufi kubwa, halafu nafasi ya jina la Kirangi kaiacha wazi, siku anachora alikuwa halijui. Bibi yake alimtajia Jumanne njiani tunarudi, akawa analirudia rudia mpaka tunafika nyumbani. Jumapili anakuja na mkaa wake aijaze.