Nazi kumi za Mama Pacha

Jikoni kwangu hapa Jang'ombe, Unguja, mna pakacha la ndizi mkono wa tembo, na mume wangu kila akipita huniuliza zitapikwa lini. Nimemwambia asubiri, kwanza niandike.

Wiki iliyopita tulisoma hitima ya arubaini ya kifo cha Bibi, kwetu Mtambwe, Pemba. Watu walipoondoka na masinia yakaoshwa, shangazi akainua godoro la Bibi ili alianike juani. Chini yake palikuwa na daftari la skuli, la kurasa thelathini na mbili, limevimba kwa unyevu. Ndani mistari mistari, mingine imekatwa kwa wino, mingine haikukatwa.

Ami, ndugu wa baba, akalitazama tu akasema, "Hawa ndio wadeni wake."

Sikushangaa. Bibi alikuwa hajui kumrudisha mtu mlangoni. Mtu akija kuomba kibaba cha mchele hupewa, akija kuomba kuni hupewa, na sisi wajukuu tulijua kwamba samaki hakatwi vipande kabla hajahesabiwa jirani gani hakuingia jikoni siku ile. Nitasema kweli, utotoni jambo hilo lilitukera. Nakumbuka kichwa cha samaki aina ya changu nilichokivizia tangu asubuhi kikitoka mlangoni ndani ya bakuli lililofunikwa kawa, kinakwenda kwa mgonjwa. Nililia. Bibi alinipa muhogo akaniambia ninyamaze, majirani wasisikie kwamba nyumba ile ina mchoyo.

Basi ami, ambaye mambo ya hesabu anayapenda, akataka kujua nani anadaiwa nini. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Bibi alisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, skuli hakuwahi kuingia, na kama wanawake wengi wa rika lake aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anayedhani kuwa ukisoma Msahafu vizuri basi na daftari la namna hii utalisoma, ajaribu. Herufi zile hazina "p". E na i ni mamoja, o na u ni mamoja, na Bibi irabu alitia alipopenda tu. Mbuzi kaandikwa "buzi". Pishi ikawa "bishi". Lazima uwe umeshajua mwenyewe anataka kusema nini, ndipo umsome. Ami aliganda kwenye mstari wa kwanza, akavua miwani, akaivaa, mwisho akamwita mzee aliyekuwa akitusomesha chuoni.

Mzee akalisogeza daftari karibu na mlango penye mwanga. Akasoma polepole: "Wa Kisimani, pishi mbili za mchele, kilio cha baba watoto."

Baba watoto ni babu yetu. Alifariki mimi sijazaliwa.

Akaendelea. Fulani, sukari, kilio hicho hicho. Fulani, kuni mizigo mitatu, harusi ya binti. Mke wa mvuvi, samaki, siku niliyoumwa. Mama Pacha, nazi kumi, harusi ya binti.

Hakuna aliyesema kitu. Lile halikuwa daftari la wadeni wake. Yalikuwa madeni yake yeye. Yote aliyopelekewa, pishi kwa pishi, na kila alilolirudisha kalikata. Alivyotoa mwenyewe havikuwamo, hata ukucha. Ami alivua kofia, akaipanguza vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa tena.

Kwa asiyekulia kwetu: kukiwa na kilio au harusi, mwenye shughuli haombi. Watu huja na mchele, na nazi, na sukari, na mikono ya kukuna na kupepeta. Haiandikwi popote, lakini kila mmoja anajua, na zamu yako ikifika huendi mikono mitupu. "Mkono mtupu haulambwi," Bibi alikuwa akisema, huku anapima mchele wa kupeleka, na vibaba vinne vya pishi akivipima kwa kilele, hafuti kwa kiganja kama wafanyavyo wauzaji.

Cha kwake kilichopotea mimi nakijua kimoja, kwa kuwa nilikuwapo. Msimu mmoja wa karafuu, sisi watoto tumekesha usiku kwenye jamvi tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanuka mpaka kwenye uji wa asubuhi. Asubuhi Bibi akaitwa kuosha maiti kijiji cha pili. Akaenda. Karafuu zikabaki zimerundikwa, mvua ikanyesha mchana kutwa, na hata baada ya mvua hakuna aliyezianika kama anavyozianika yeye. Zikapata joto, zikapauka. Kwenye mizani zikashushwa daraja, na sare zetu za skuli zikaingia katika hasara hiyo. Mama alinung'unika siku nyingi. Bibi alimjibu mara moja tu: "Mkarafuu utazaa tena. Yule ataoshwa mara moja."

Mistari isiyokatwa ilikuwa mitatu. Wa Kisimani keshafariki, na ami amejitwika pishi zile mbili kwa binti yake. Kuni amezichukua shangazi, ingawa siku hizi itabidi azigeuze mkaa. Mimi nikaomba nazi za Mama Pacha.

Nilizinunua kumi, nikaongeza na sukari kilo mbili, nikaenda kwa miguu. Nilimkuta barazani anasuka ukili. Nikamwamkia, akanivuta karibu anitazame uso.

"Nimeleta nazi za Bibi," nikamwambia.

"Nazi gani?"

Nikamweleza harusi, nikamweleza daftari. Hakumbuki. Harusi anaikumbuka, hata kanga aliyovaa anaikumbuka, nazi hazikumbuki kabisa. Alicheka mpaka akaweka ukili chini. Kisha akamwita mjukuu wake, wakazunguka nyuma ya nyumba, wakarudi na mkungu wa ndizi. Nilikataa, nikakataa tena. Akaniuliza kama kwetu ndivyo tulivyofunzwa, kumkatalia mtu mzima. Nikashika.

Mkungu ule tukaukata vichane tukautia pakachani, nami nikavuka nao bahari, baharia mmoja ananicheka kama kwamba Unguja hakuna ndizi.

Daftari ninalo mimi. Ami alisema nilichukue. Chini ya mstari wa mwisho wa Bibi, kwa hati yangu ya skuli, nimeandika: Mama Pacha, mkungu wa ndizi mkono wa tembo, arubaini ya Bibi.