Mafuta ya makonyo na bakteria sugu

Bibi yangu wa Wete alipoumwa na jino alitafuna karafuu mbili, akazibana ufizini mpaka ganzi imwingie, nasi wajukuu tukidhani ni mazoea tu ya kizee. Ganzi ile hutokana na eujenoli, kemikali iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, yakiwemo yale yanayokenekwa Pemba kutokana na makonyo, yaani vikonyo vinavyoshika karafuu, na majani ya mkarafuu. Katika maabara, eujenoli huharibu utando wa seli ya bakteria, hata stafilokokasi aliyekwisha kuwa sugu kwa methisilini, aina ya antibiotiki, na ndiyo maana watafiti huijaribu pamoja na antibiotiki: utando ukishavuja, dawa iliyokuwa ikizuiwa au kutemwa nje huweza kupenya, pengine kwa kipimo kidogo zaidi. Lakini sahani ya maabara si mwili wa mtu. Mafuta hayo yakiwa makali huunguza ngozi, na mtoto akiyanywa yanaweza kumdhuru ini (nimewahi kuiona chupa yake imewekwa ubavuni mwa asali!). Mimi mwenyewe niliyapaka jipu la mguuni kwa siku nne, likazidi kuvimba, hata nikaenda kupasuliwa. Daktari akanipa antibiotiki na kunisisitizia nivimalize vidonge vyote, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi, vikabaki kabatini vikimsubiri mgonjwa mwingine.