Simu iliyoshika Muheza

Juzi binti yangu alikuwa anapanga begi lake la kwenda Houston, akaniuliza bila hata kuinua kichwa: "Baba, hii simu yangu itashika kule?" Nikamjibu itashika. Simu za siku hizi hazibagui nchi. Kisha nikatoka kukaa barazani peke yangu, kwa sababu neno hilohilo nililitamka mimi mwaka 2003, na aliyelilipia ni baba yangu.

Wakati huo bado niko Hamburg, na ile Nokia 3310 yangu ya pesa za kuosha vyombo. Likizo nilikuja nayo Tanga, nikatia laini ya huku, ikashika. Nikaenda nayo Muheza, ikashika. Sasa simu iliyoshika Muheza ishindwe na Chicago? Baba aliposikia naenda Marekani kwa wiki mbili akasema, "Ukitua tu, nipigie. Usiponipigia silali." Nikamwambia nitakupigia nikiwa bado uwanjani, baba.

Nikatua O'Hare mwezi wa Februari, saa saba mchana. Tanga ilikuwa saa nne ya usiku. Nikaiwasha. Mwanga wa kijani ukawaka, nambari zikawaka, lakini pale pembeni panapokaa vile vijimstari vya mtandao pakawa patupu. Nikangoja. Nikasogea dirishani, nje theluji imerundikwa kando ya barabara kama pamba ya mkonge, nikaibandika simu kwenye kioo. Wapi. Nikaizima, nikafungua mgongo, nikatoa betri, nikachomoa laini, nikaipuliza, nikaifuta kwenye suruali, nikairudisha. Nikaiambia itafute mitandao yote iliyopo. Ikatafuta weee, mwisho ikarudi mikono mitupu. Na pembeni yangu bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima kabisa, anaongea na simu yake kwa sauti ya juu kama aliyeko sokoni. Mtandao ulikuwepo basi, ila mimi sikuwa mmoja wao. Sijui kwa nini kile kibibi ndicho ninachokikumbuka kuliko jiji lote la Chicago.

Nikakaa juu ya begi nikacheza mchezo wa nyoka mpaka kaka, mtoto wa shangazi, alipofika. Alipoiona simu mkononi akacheka kwanza, salamu baadaye. "Hiyo ya bendi mbili, bwana. Hapa haisikii kitu." Ndiyo nikafahamu, njiani ndani ya gari: Ulaya na kwetu minara ya GSM, ule mtandao wa simu za kuchomeka laini, ilikuwa inarusha mawimbi ya megahezi 900 na 1800, wao walikuwa 850 na 1900. Simu yangu haikuwa mbovu hata kidogo, ilikuwa imetega sikio pasipo na mtu. Ningekuwa na ya bendi tatu, yenye na hiyo 1900, ningeongea. Na yako makampuni mengine kule ambayo simu zao hazikuwa hata na pa kuchomeka laini, ukinunua simu umeoa kampuni.

Simu ya kaka haikuwa imefunguliwa njia ya kupiga nje. Kadi ya kukwangua ya dola 5 tuliipata kesho yake jioni kwenye kituo cha mafuta, unabonyeza tarakimu mpaka kidole kinauma. Huku ilikuwa alfajiri, lakini baba akapokea mlio wa kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko hai?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Sentensi moja tu: baba, simu yangu haishiki huku. Lakini nilishautambia mtaa mzima pale Ngamiani kwamba hii ni simu ya Ulaya. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimepiga mno, baba. Laini za huko zimesongamana, haziingii."

Akanyamaza kidogo. "Basi ni hawa," akasema.

Asubuhi hiyohiyo alivaa kanzu, akaenda ofisi ya kampuni yake ya simu, akamgombeza kijana wa kaunta mbele za watu: mwanangu yuko Marekani anapiga, nyinyi mnamzuia. Kijana wa watu, labda kwa kutaka aondoke, akambadilishia laini. Na kwenye ile laini ya zamani yalikuwamo majina yote ya wateja wake wa nazi wa Mombasa. Daftari hana. Wengine walirudi wenyewe. Wengine hakuwasikia tena, na mmoja wao alikuwa na deni lake.

Haya niliyajua miezi kadhaa baadaye, kwa mama. Baba mwenyewe hajawahi kunilaumu. Amlaumu nani, wakati mkosaji anamjua ni kampuni? Nimetaka kumwambia mara nyingi. Kila nikifika pale, namwona yule kijana wa kaunta, naahirisha.

Jana nilimpigia kumpa habari za safari ya mjukuu wake. Akafurahi, akamwombea dua, kisha akashusha sauti kama mtu anayekugawia siri ya biashara.

"Mwambie awe anapiga mchana wa huku. Usiku laini zetu zinasongamana, wewe mwenyewe unakumbuka."

"Nitamwambia, baba."