Ratiba ya Kamati na Mvua za Machi

Anayefuatilia redioni matangazo ya Bunge kutoka Dodoma huyafahamu vizuri maneno yanayokuja baada ya kipindi cha maswali, pale Spika anapomaliza kuwatambulisha wageni walioko jukwaani na kugeukia matangazo ya kazi: Mwenyekiti wa kamati fulani anawaomba wajumbe wake wakutane leo saa saba mchana katika ukumbi namba fulani. Wasikilizaji wengi hupunguza sauti hapo, kwa kuwa wanachongoja ni mjadala. Mimi, ambaye sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia katika idara ya mipango ya halmashauri moja mkoani Iringa, nimezoea kuongeza sauti. Mengi yanayotamkwa ukumbini jioni yamekwisha kuamuliwa katika kile chumba chenye namba, na lililokosa nafasi katika ratiba ya chumba hicho huwa halifiki ukumbini kabisa.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini si wageni wa Bunge. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa aliliongoza tangu 1962 hadi 1973, kisha tena tangu 1975 hadi 1994, Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, alikuwa Spika kuanzia 2010 hadi 2015, na Dkt. Tulia Ackson aliketi katika kiti hicho kuanzia 2022 hadi 2025 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Hata hivyo, mtu wa huku ukimtajia kamati ya Bunge, kinachomjia kwanza ni Kamati Teule ya Richmond, iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya jina hilo, ikiongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, ambayo taarifa yake ya Februari 2008 ilifuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Kamati teule huundwa kwa jambo moja, hupewa hadidu za rejea na muda wa kumaliza kazi, na ikishawasilisha taarifa yake inakuwa imekwisha. Kamati za kudumu haziko hivyo. Zinatokana na ibara ya 96 ya Katiba na Kanuni za Kudumu za Bunge, wajumbe wake huteuliwa na Spika kwa nusu ya uhai wa Bunge, na kazi yao ni kulirudia jambo lile lile mwaka hadi mwaka. Ni kazi isiyo na msisimko, na ninaamini ndiyo sababu watumishi wa halmashauri huiogopa kuliko hotuba yoyote.

Ratiba ya kamati hutangulia kufungwa mikono na kalenda ya nchi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo bajeti haina budi kupitishwa kabla ya Juni kwisha, na mkutano wa bajeti hujaza miezi ya Aprili, Mei na Juni. Mikutano mingine mitatu, wa Januari na Februari, wa Agosti na Septemba, na wa Novemba, hupangwa kuuzunguka huo. Kabla ya kila mkutano, kamati hutangulia Dodoma kwa majuma kadhaa, na ndani ya majuma hayo ndipo kila kitu hutakiwa kuingia: miswada iliyosomwa mara ya kwanza, maazimio ya kuridhia mikataba, taarifa za robo mwaka za wizara, ziara za ukaguzi wa miradi, na taarifa ya kamati yenyewe inayopaswa kuandikwa, kusomwa na wajumbe na kupitishwa kabla haijapelekwa mezani.

Anayeshika kalamu ni Katibu wa Kamati, mtumishi wa Ofisi ya Bunge ambaye jina lake haliandikwi magazetini. Yeye huandaa rasimu, hushauriana na Mwenyekiti, kisha rasimu za kamati zote hukusanywa na Ofisi ya Katibu wa Bunge ili kuondoa migongano. Migongano ndiyo kiini cha kazi hiyo. Waziri mmoja hawezi kuketi mbele ya kamati mbili kwa saa ile ile. TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa mfano, hutakiwa na kamati ya kisekta, hutakiwa na Kamati ya Bajeti, na watendaji wake hutakiwa na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ambayo wote tunaiita LAAC. Kumbi zina idadi yake, magari yana idadi yake, na safari ya nje ya Dodoma inahitaji kibali cha Spika na fedha. Ratiba inapotoka kwenye tovuti ya Bunge, ikiwa na safu zake za tarehe, shughuli na mhusika, ni rahisi kuiona kama karatasi ya kiofisi tu, lakini kila mstari wake ni mvutano uliokwisha. Na chini yake huwa pana angalizo kwamba ratiba inaweza kubadilika. Hubadilika kweli, hasa Serikali inapoleta muswada kwa hati ya dharura; hapo siku mbili zilizokuwa za taarifa ya wizara humezwa, na taarifa hiyo husogezwa hadi mkutano mwingine, pengine miezi mitatu mbele.

Ndani ya kikao mpangilio haumshangazi mtu yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya shule au ya maji: kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, jambo kuu la siku, mengineyo, kufunga. Akidi isipotimia, kikao hakianzi. Muhtasari husomwa ukurasa kwa ukurasa, na mjumbe makini atasimamisha shughuli kwa sababu neno “aliagiza” limeandikwa “alishauri”. Nimewaona wenzangu wakicheka jambo hilo pembeni. Mimi sicheki, kwa kuwa ushauri unaweza kupuuzwa na hakuna atakayeulizwa, ilhali agizo lililoandikwa katika muhtasari litarudi kikao kijacho chini ya yatokanayo, nalo litamdai mtu majibu kwa cheo chake.

Kwa LAAC, yatokanayo ndiyo karibu kazi yote. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais taarifa zake mwishoni mwa Machi, nazo huwasilishwa bungeni katika mkutano wa Aprili, ndani ya siku saba tangu mkutano uanze, kama ibara ya 143 ya Katiba inavyotaka. Baada ya mkutano wa bajeti kamati huchagua halmashauri itakazozihoji, kwani nchi ina halmashauri 184 na hakuna ratiba inayoweza kuzimaliza zote ana kwa ana. Uchaguzi huo ndio hatua yenye nguvu kubwa kuliko zote, nao hufanyika bila kelele. Barua ikifika kwamba mkurugenzi anatakiwa Dodoma, halmashauri nzima hubadilika: likizo husitishwa, mkaguzi wa ndani huwa ghafla ndiye mtu anayetafutwa kuliko wote, na taa za ofisi ya uhasibu huwaka hadi usiku, watu wakisaka hati za malipo na stakabadhi za benki zitakazotumika kama vielelezo.

Niliwahi kuwa katika msafara wa namna hiyo. Tuliondoka Iringa alfajiri kwa barabara ya Mtera, ambayo siku hizi ni lami kwa kilomita zake zipatazo 260, tukiwa na maboksi ya mafaili nyuma ya gari. Kikaoni, mkurugenzi huketi mbele kama Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za halmashauri, kando yake mweka hazina, na Katibu Tawala wa Mkoa huwa karibu; sisi wa idara hukaa safu ya nyuma tukiwa tayari kupenyeza karatasi. Wataalamu wa Mkaguzi Mkuu nao wamo chumbani, kwa hiyo jibu la kubuni halidumu dakika tano. Kila hoja ya ukaguzi ina hali yake katika jedwali: imetekelezwa, inaendelea kutekelezwa, haijatekelezwa. Tulifika kwenye hoja ya fedha mbichi, yaani makusanyo ya ushuru yaliyotumika kabla ya kupelekwa benki, na jedwali letu lilisema utekelezaji unaendelea. Mjumbe mmoja mama, aliyekuwa kimya asubuhi nzima, alifungua muhtasari wa mwaka uliotangulia.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, mwaka jana tuliambiwa hapa hapa kwamba utekelezaji unaendelea. Naomba Afisa Masuuli atueleze umeendelea kutoka wapi hadi wapi.”

“Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, naomba mweka hazina aongezee,” alisema mkurugenzi.

Hapakuwa na cha kuongezea. Mwenyekiti alitoa siku thelathini, akataka hati za benki ziwasilishwe kwa Mkaguzi Mkuu, na akaagiza jambo hilo liandikwe kama agizo. Hapakuwa na kelele wala vitisho, na swali lote halikuchukua dakika mbili. Fedha zile zilipelekwa benki kabla ya siku hizo kwisha. Ninaandika haya nikijua kwamba wapo wanaosema kamati hizi hazina meno. Meno yake yamo katika kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo hukatika kila kamati inapopangwa upya katikati ya uhai wa Bunge, pale mjumbe aliyeijua hoja anapohamishiwa kamati nyingine na Katibu wa Kamati anabaki peke yake akikumbuka lililosemwa.

Upande wa ziara ndiko ratiba inakokutana na hali ya hewa yetu. Kamati za kisekta hukagua miradi ya maendeleo mwezi Machi ili wajumbe wakirudi Dodoma kuchambua bajeti wawe wameona kwa macho fedha za mwaka unaokwisha zimefanya nini. Kwa Dodoma, ambako mvua zinaelekea ukingoni, mpango huo hauna shida kubwa. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Machi ni mwezi ambao barabara za udongo za Makete, Ludewa, Kilolo na milima ya Rungwe haziahidi chochote kwa gari la aina yoyote. Msafara wa kamati una siku moja kwa mkoa, pengine mbili, na asubuhi yake huliwa na taarifa ya mkoa inayosomwa neno kwa neno ingawa wajumbe wote wanayo mkononi. Matokeo yake hayahitaji njama ya mtu: miradi inayokaguliwa ni iliyo karibu na lami, na ile ya mbali, ambako fundi na mhandisi huonana kwa nadra, hukaguliwa kwa picha.

Mvua, hata hivyo, ina msaada wake. Katika ziara moja kwenye kituo cha afya kilichojengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, mapokezi yalikuwa yamepangwa vizuri, akina mama wakiimba chini ya turubai na salamu za “Kamwene” zikijibiwa kwa furaha. Wakati taarifa ya ujenzi inasomwa, mjumbe mmoja alitoka taratibu akazunguka nyuma ya jengo la maabara. Mzee wa kijiji aliyekuwa amejikinga mvua kwenye upenu alimwambia, “Mheshimiwa mwanangu, ingia humo ndani utazame juu.” Aliingia, akaona dari imeanza kuvimba na maji yakidondokea kwenye ndoo iliyokwisha kutegwa kona. Alirudi turubaini akamnong’oneza Mwenyekiti, na msafara mzima ukahamia maabara kabla taarifa haijafika ukurasa wa pili. Ziara hiyo ingefanyika Agosti, dari ingekuwa kavu na jengo lingesifiwa.

Lipo pia suala la wadau. Kamati inapochambua muswada hualika maoni, na tangazo la Katibu wa Bunge hutoka katika vyombo vya habari likitaja siku, saa na ukumbi, mara nyingi Ukumbi wa Pius Msekwa. Muda kati ya tangazo na kikao huwa mfupi. Mkulima wa chai wa Rungwe au mwenye shamba la miti wa Mufindi anayetaka kusikilizwa kuhusu tozo itakayomgusa analazimika kusafiri hadi Dodoma kwa gharama yake, ilhali chama cha wafanyabiashara chenye ofisi mjini kinatuma mwanasheria. Maoni ya maandishi hupokelewa, na ningewashauri wenzangu wayatumie zaidi: ukurasa mmoja unaotaja kifungu, ubaya wake na maneno yanayopendekezwa badala yake humsaidia Katibu wa Kamati kuliko kurasa kumi za malalamiko, kwa sababu yeye ndiye atakayeyapanga katika jedwali la uchambuzi, kifungu kwa kifungu.

Kama ningeulizwa la kubadilisha, nisingegusa ziara za Machi, maana bajeti haiwezi kungoja kiangazi chetu. Ningeomba angalau kamati inayosimamia TAMISEMI na ile ya miundombinu zitenge siku tatu katika majuma ya Agosti kwa ajili ya mikoa ya nyanda za juu, zikiwa na orodha ya miradi iliyoshindikana kufikiwa Machi, na orodha hiyo iandaliwe na Katibu wa Kamati kutokana na muhtasari wa ziara yenyewe badala ya kuombwa kutoka halmashauri inayokaguliwa. Siku tatu zitapatikana kwa kupunguza taarifa zinazosomwa kwa sauti mbele ya watu ambao tayari wanazo mkononi. Dari zitakuwa kavu mwezi huo, hilo nalikubali, lakini leja za stoo, visima na barabara za Ludewa vitaonekana, na hoja zitakazoandikwa hapo zitakuwa na miezi miwili ya kutafutiwa majibu kabla ya mkutano wa Novemba.